Mama Mkwe wa Mpishi wa Bia

Ukitaka kufika kwa Dorothea pale Chang'ombe ya Dodoma, usijisumbue kuuliza namba ya nyumba. Ingia mtaani asubuhi, fuata harufu ya uji unaochachuka, na ukikuta geti la bati lililopauka, nyuma yake mwanamke mfupi mnene anazigombeza kuni kama watoto watukutu, ujue umefika. Mwamkie vizuri. Kama umekuja kunywa, atakuambia usubiri mchana. Kama umekuja kupiga umbea, atakupa kigoda cha kukalia na ungo wa mtama wa kupepeta, maana kwake mdomo haufanyi kazi peke yake huku mikono imelala.

Dorothea anapika ujimbi. Hiyo ni pombe ya mtama ya Wagogo, nzito, ya rangi ya udongo, na mtu asiyeizoea huiangalia kwanza akajiuliza kama ni ya kunywa au ya kula. Alifundishwa na bibi yake kule Buigiri, akaja nayo mjini alipoolewa, na mumewe, fundi wa reli, alipofariki mapema, ujimbi ndio ulioishika nyumba. Mtoto wao wa pekee, Brightness, alivaa sare za shule, akala, akasoma hadi chuo kikuu kwa mikono hiyo hiyo inayokoroga pipa.

Ana misimamo yake ya kuchekesha. Jumapili hapiki wala hauzi, yuko kwaya ya Waanglikana anaimba sauti ya pili, na mchungaji akipita mtaani Jumamosi hutazama upande wa pili wa barabara, jambo ambalo Dorothea humshukuru sana kimoyomoyo. Mlevi akianza matusi, anamtoa nje kwa kumshika sikio. Pombe isipomridhisha haiuzi hata tone. Huwapa nguruwe wa jirani, ambao kwa sababu hiyo ndio nguruwe wenye furaha kuliko wote Chang'ombe.

Basi mwanamke huyo asiyemwogopa mlevi wala mgambo, kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni. Binti yake alikuwa anamficha.

Hakumficha kwa ubaya. Brightness ni mtoto mwema. Anafanya kazi katika ofisi za Bunge, anavaa suti zake nadhifu, na dawa za presha za mama yake huzileta kila mwezi bila kukumbushwa. Lakini alipochumbiwa na Castory, kijana wa Songea anayefanya kazi Dar es Salaam, Castory alimpeleka kwao kumtambulisha, na mama yake Castory akauliza swali ambalo kila mama angeliuliza: "Na mama yako, mwanangu, anafanya kazi gani?" Brightness aliyatazama makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, akaitazama picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, ulimi ukamteleza.

"Ana biashara ya nafaka," akasema.

Na kweli Dorothea hununua mtama kwa magunia. Ila unajua mwenyewe kwamba hilo silo alilokuwa anaulizwa.

Kinachochekesha zaidi ni kazi ya Castory mwenyewe. Castory anapika bia. Yeye na vijana wenzake wana kiwanda kidogo huko Dar es Salaam, cha kupika mapipa machache kwa wiki, na chupa zao zina karatasi yenye picha ya kifaru na maneno ya Kiingereza. Brightness huwaambia wenzake kazini, kwa fahari kabisa, kwamba mchumba wake ni mtaalamu wa bia. Ukiambiwa utofautishe kazi ya Castory na kazi ya Dorothea utatoka jasho: wote wawili huotesha nafaka, huikausha, huisaga, huichemsha, kisha hukaa kuisubiri. Lakini akipika Castory ni bia, akipika Dorothea ni pombe ya kienyeji, na anayekunywa ya kwanza huitwa mteja, anayekunywa ya pili huitwa mlevi. Aliyepanga hivyo hajulikani, na angejulikana Dorothea angemshika sikio.

Mahari ilipokelewa Buigiri, nyumbani kwa mjomba Mazengo. Siku hiyo Dorothea alikaa chumba cha ndani, kanga kichwani, kama inavyompasa. Kwa desturi ya ukoo wao mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawaamkiani mpaka harusi ipite, na hata ikishapita huendelea kukwepana kidogo kwa heshima. Kwa hiyo Castory hakuwa amemwona mama mkwe wake hata mara moja, wala hakuwa amekanyaga Chang'ombe, na ile habari ya nafaka ikapata mahali pazuri pa kulala.

Harusi ilipokaribia, Brightness alikuja nyumbani akitoka kazini, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda. Dorothea alikuwa anachambua kimea, yaani ule mtama uliooteshwa ukakaushwa, akitupa punje zilizoshika ukungu.

"Mama, Castory anakuja Jumamosi na wenzake wawili," Brightness akasema.

"Wakaribie."

"Wanataka kuzunguka mji waonje pombe zetu. Castory anasema hakuna mji unaopenda kinywaji kama Dodoma, na kiwanda chao kinataka kujaribu bia ya mtama. Kaniambia nimpangie ziara yote, wapi waanze, wapi wamalizie. Sasa mimi nitajulia wapi? Tangu niende chuo sijaingia kilabuni."

Dorothea hakuinua macho kwenye ungo. "Ukaona uje umuulize mama wa nafaka."

"Mama jamani."

"Nakutania. Toa simu yako, andika."

Hapo ndipo ungempenda Dorothea, kama ulikuwa bado. Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono, na akaanza kupanga ziara ya kunywa kwa uzito ule ule ambao watu wengine hupangia ratiba ya mazishi. Alijua nani anapika siku gani katika mji mzima, nani kimea chake anakinunua na nani anakiotesha mwenyewe, nani anaongezea sukari akidhani hatujui.

"Waanzie Nkuhungu kwa Angelina," alisema. "Anapika kangara, ile ya asali. Inaiva Ijumaa, na Jumamosi asubuhi ndiyo ina utamu. Ikifika jioni inakuwa ya kupigana."

"Kwa Angelina asubuhi," Brightness akarudia, vidole vikikimbia kwenye simu.

"Halafu wale. Nyama ya mbuzi na ugali. Chipsi usiwape, zitagombana na mtama tumboni. Wakishiba uwapeleke Maili Mbili kwa Restuta wakanywe ujimbi. Mwisho kabisa ndiyo Mpunguzi, kwa mzee Bartolomayo mwenye zabibu zake, wamalizie na mvinyo."

"Mimi nilidhani tungeanza na mvinyo. Ndio wenye sifa."

"Ukianza na mvinyo ulimi unakuwa umeshapakwa utamu, ujimbi utauona mchungu bure. Na mchukue Iddy awaendeshe kwenye Noah yake. Ni Mrangi wa Kolo, swala tano, hajawahi kuonja hata povu. Mkirudi mtarudi salama."

Brightness aliandika yote. Lakini katika vilabu vyote vilivyotajwa kulikuwa na kimoja ambacho hakikutajwa, na ndicho walichokuwa wamekaa ndani yake.

"Ujimbi wa mama mdogo Restuta ni mzuri?" Brightness aliuliza.

"Mzuri." Dorothea akauchukua tena ungo. "Hapa kwangu hawezi kuja. Mkwe hanywi kwa mama mkwe."

"Ndiyo, mama. Desturi," Brightness akasema, na alisema haraka mno.

Haraka ile ndiyo iliyomuuma Dorothea. Desturi ilikuwa kweli, hakuna aliyeitunga siku hiyo, lakini wote wawili waliitumia kama pazia, na kila mmoja alijua mwenzake anajua kilicho nyuma yake. Iliuma, tena iliuma sana. Usiku alijigeuza kitandani akajiuliza anachotaka hasa ni nini, na akaona si kikubwa. Hakutaka kukaribishwa mezani na wageni wa Dar es Salaam, hakutaka kusifiwa. Alitaka yule kijana, ambaye ni mtu wa kazi hii hii, auonje ujimbi wake mara moja tu, na Brightness awepo asikie atakachosema.

Wala asingepata, kama pombe ya Restuta isingeharibika.

Restuta alikuja Alhamisi, kanga imekaa upande, akiongea tangu yuko getini. Yeye na Dorothea ni marafiki wa miaka mingi na washindani wa miaka hiyo hiyo. Husemana vibaya kwa wateja, kisha huazimana vyungu.

"Dada, nimekwisha! Pipa zima limekuwa siki. Ni hili joto, na mimi mjinga nikalifunika na gunia. Brightness ananiletea wageni keshokutwa, nitawapa nini? Nitawapa maji?"

"Wape siki, wana kachumbari," Dorothea akasema.

"Usinicheke, Dorothea. Nipe pipa lako moja. Wewe umepika, nimeisikia harufu toka barabarani."

Dorothea alijitia kufikiri. Alizungukazunguka uani, akagusa kuni, akarudi. Lakini moyo ulikuwa umeshamruka kama wa msichana aliyeitwa kucheza. Yule kijana angeuonja! Angeuonja bila desturi kuvunjwa, bila Brightness kuaibika, bila mtu yeyote kujua.

"Chukua," alisema. "Ila utasema ni yako."

"Nitasema ya nani tena? Nina wazimu?"

Ule ujimbi aliuhudumia kwa namna ambayo hajawahi kumhudumia mteja. Aliuchuja, akautazama, akaona bado una machicha, akauchuja tena. Aliosha pipa kwa maji ya moto, akalikausha juani, akaliosha tena. Jumamosi akalipandisha kwenye guta, akapanda na yeye, akilishikilia barabara nzima kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Kwa Restuta alipaswa kulishusha na kuondoka. Hayo ndiyo waliyokubaliana.

"Si uende sasa?" Restuta akamwambia. "Watafika."

"Naenda," Dorothea akasema, akaingia jikoni, jiko la nje lililozungushiwa mabanzi, akageuza ndoo akaikalia. Hakwenda popote. Restuta alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda kupanga mabenchi.

Walifika jua likiwa limesimama, kutoka kula mbuzi, wamechangamka kwa kangara ya Angelina. Iddy aliegesha Noah kivulini akafungua soda yake. Wazee watatu waliokuwa kwenye benchi, wateja wa kudumu wa Restuta, walisogea kuwapisha wageni. Dorothea aliinamisha uso sakafuni kama inavyompasa mama mkwe. Kisha, Mungu amsamehe, akachungulia kidogo kwenye ufa wa mabanzi. Akamwona kijana mrefu mwembamba, mwenye kofia, anainama kumwamkia Restuta kwa mikono miwili. Nyuma yake Brightness, suruali ya jinzi, raba nyeupe, mkoba ameukumbatia kifuani.

Castory alisogea kwenye pipa kabla hata hajakaa. Alifunua mfuniko, akavuta pumzi, akabaki ameinama pale muda mrefu mpaka wenzake wakacheka.

"Msicheke, njooni mnuse," aliwaambia. "Huu ni mkate umetoka jikoni sasa hivi. Halafu nyuma yake kuna kitu kama ndizi mbivu. Mama, shikamoo tena! Umeipikaje hii?"

"Kawaida tu, mwanangu," Restuta akasema, na kule jikoni Dorothea aliuma kanga yake ili asijibu.

Restuta alichota kwa kata, akajaza kibuyu, akampa mgeni wake kwa kupiga goti kidogo. Castory akakipokea. Lakini hakunywa. Alikirudisha kwa heshima, mkono wa kushoto ukishika wa kulia.

"Kwetu Songea mgeni hanywi kabla ya mwenye pombe," alisema akitabasamu. "Tangulia, mama."

Hapo wanawake wawili, mmoja uani na mwingine jikoni, walikumbuka kwa pamoja jambo ambalo hakuna mpishi wa pombe anayestahili kulisahau. Wao pia wanalo. Mgeni akija, aliyepika hunywa kwanza mbele yake, kumwonyesha kwamba ndani hamna sumu wala ubaya. Kwa wateja wa kila siku lilishaachwa zamani; nani atamwambia Restuta atangulie, wakati amekunywa kwake tangu nywele zikiwa nyeusi? Ndiyo maana liliwatoka akilini. Ila mgeni akiomba, halikataliwi, na si mchezo. Anayetangulia anaapa. Anasema, mikono iliyopika hii ni yangu, ukipatwa na jambo nidai mimi.

Restuta ni mwepesi wa kudanganya kwa mdomo. Amewahi kumuuzia mtu jogoo akasema ni tetea. Lakini kuapa kwa koo lake juu ya chungu cha mwingine, mbele ya bwana harusi, hapo alisimama. Alikohoa. Akakitazama kibuyu. Akasema leo tumbo lake haliko sawa.

"Restuta, tangulia bwana, tuna kiu," mzee mmoja akasema.

"Tumbo, nimesema."

Wazee wakatazamana. Tabasamu la Castory likapungua, na wenzake wawili wakaacha kuchekacheka. Pombe ambayo mwenyewe ameikataa hainywewi. Humwagwa chini, na mpishi hubaki na jina baya mtaani hadi watu wachoke kulitaja.

"Kuna tatizo, mama?" Castory akauliza kwa upole.

Dorothea alikuwa ameshasimama. Akitoka, atakuwa amesimama uso kwa uso na mkwe wake na kunywa mbele yake, na ile nafaka ya Brightness itamwagika hadharani. Asipotoka, Restuta ataaibika kwa pombe isiyo yake, na ujimbi bora aliowahi kuupika utanywewa na vumbi la Maili Mbili. Miguu ilitaka kwenda. Akaizuia. Alisema moyoni, imwagwe tu, nitamlipa Restuta kwa kumpikia nyingine, lakini mwanangu asiaibike mbele ya mchumba wake. Akakaa tena kwenye ndoo, akafumba macho, akisubiri kusikia ujimbi ukimwagika.

Alichosikia ni raba zikikanyaga matope ya maji ya kuoshea vibuyu karibu na pipa.

Tangu waingie hakuna aliyekuwa anamtazama Brightness. Yeye alijua ujimbi ule ni wa nani kabla mfuniko haujafunuliwa. Harufu ile alikwenda nayo shule kila siku, ndani ya sweta, ndani ya madaftari, mpaka asubuhi moja mwalimu alipouliza nani amekunywa pombe na darasa zima likamgeukia yeye. Siku ile aliamua kwamba akikua hatanukia hivyo tena. Alikua, akanunua manukato, na akaendelea kuamua hivyo kila siku hadi Jumamosi hii.

"Nipe, mama mdogo," alimwambia Restuta.

Akapiga magoti pale pale kwenye matope, akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa. Hakuonja kwa ncha ya ulimi. Alikunywa mafunda ya kweli, koo likionekana linashuka na kupanda, kisha akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Nimetangulia," akasema. "Pombe hii ni ya mama yangu. Mimi ni mtoto wake, naapa kwa niaba yake."

Castory alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake akaambiwa si yake.

"Mama yako yupi? Si yule wa nafaka?"

"Nafaka yenyewe ndiyo hiyo uliyokuwa unainusa."

Mzee mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Mama anapika pombe, Castory," Brightness akaendelea, bado amepiga magoti. "Ndiyo kazi yake tangu nizaliwe. Ndiyo iliyonisomesha. Niliona aibu, nikamdanganya mama yako, halafu nikashindwa kurudi nyuma. Kama una neno, liseme sasa, harusi bado."

Castory alikaa kwenye benchi. Alivua kofia, akaizungusha mikononi. Jikoni Dorothea alikuwa ameshika ubanzi wa ukuta kwa vidole vyote.

"Umeniudhi," Castory akasema. "Tena sana. Si kwa pombe, kwa nafaka. Mimi nazunguka nchi nzima natafuta mtu wa kunifundisha mtama, na mchumba wangu ananipeleka kila mahali isipokuwa kwa mama yake! Nipe hicho kibuyu."

Alikunywa. Alifumba macho, akaushika ujimbi mdomoni, akaumeza polepole, akanywa tena. Alipofumbua macho hakumsifia mtu yeyote. Alimpa kibuyu mwenzake akamwambia neno moja, "Onja," na mwenzake alipoonja wakatazamana kama watu waliookota kitu barabarani wasichojua mwenyewe ni nani.

Restuta, ambaye hajazoea kutunza siri muda mrefu hivyo, hakuweza tena. "Mwenyewe yuko jikoni!" akasema.

Lo! Castory aliruka kutoka kwenye benchi na kujigeuza haraka kiasi kwamba nusu ya kibuyu ilimwagikia viatu vya mwenzake. Akasimama ameelekea getini, mgongo kwa jiko, mikono nyuma, hajui aende wapi. Wazee walipiga makofi kwa kufurahi. Mkwe ana adabu. Kisha, akiwa bado anaitazama barabara, Castory akasema kwa sauti ya kusikika:

"Shikamoo, mama."

Kwa desturi hakupaswa kuamkia, na Dorothea hakupaswa kuitikia. Dorothea alimkumbuka bibi yake, akamkumbuka mjomba Mazengo na midomo yake, akajua kesho habari itakuwa Buigiri. Akavuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Basi ikawa hivyo: mmoja anaongea na geti, mwingine anaongea na mabanzi.

"Mama, kimea ulikikaushia juani au kivulini?"

"Kivulini! Jua linakiua."

"Sisi tunatumia mashine."

"Ndiyo maana," Dorothea akasema, na watu wakacheka hadi Iddy akaja kuchungulia na soda yake.

"Lakini mama, nisamehe, umeuchuja mara mbili. Mara ya pili umeondoa uzito kidogo. Mara moja ingetosha."

Dorothea akatabasamu peke yake. Ilikuwa kweli. Kwa kutaka kumpendeza alikuwa ameuchuja kupita kiasi, na yeye mwenyewe alilihisi asubuhi akajifanya hakulihisi. Kijana ana ulimi, alisema moyoni, na akampenda pale pale, bila kumwona vizuri.

Wakati huo Brightness alikuwa ameshasimama, magoti yana tope, ametoa simu kwenye mkoba.

"Unampigia nani?" Castory akamuuliza.

"Mama yako."

"Sasa hivi? Si ungoje tufike nyumbani, utulie?"

"Nikitulia nitaogopa tena."

Ikaita. Kwa papara alikuwa amebonyeza spika, na hakuiondoa. Kilabu chote kikainamia ile simu, wazee na vijana wa Dar es Salaam pamoja. Sauti ya mama wa Songea ikatoka, ya taratibu, na nyuma yake redio. Brightness akamwamkia, akamuuliza hali, kisha akasema moja kwa moja bila kupumua: ile siku uliponiuliza kazi ya mama, nilikudanganya, mama hauzi nafaka, mama anapika pombe, naomba unisamehe.

Kule Songea redio ikazimwa.

"Pombe?" sauti ikauliza. "Pombe kabisa?"

"Pombe kabisa, mama."

Restuta alikuwa ameshika kichwa.

"Afadhali," ile sauti ikasema. "Mimi nilikuwa nawaza, hawa watu wa nafaka siku ya harusi tutaongea nao nini. Kudanganya hukufanya vizuri, mwanangu, na hilo tutalizungumza mimi na wewe. Yuko wapi mama yako? Mpe simu."

Brightness alivuka ua na simu mkononi, akainama kupita mlango mfupi wa jiko. Ndani kulikuwa na giza kidogo, akasimama mpaka macho yalipozoea, akamwona mama yake juu ya ndoo, kanga imeshuka mabegani, mikono mapajani. Akapiga magoti mbele yake kwa mara ya pili siku hiyo. Alikuwa ananukia ujimbi mdomoni, kwenye mikono, kwenye nguo. Akamwekea simu mkononi.

Dorothea aliipokea, akaiweka sikioni.

"Haloo?" mama wa Songea akaita. "Haloo, mama Brightness? Unanisikia?"

Brightness akaisogelea simu, mkono wake mwingine ukiwa umemshika mama yake shingoni.

"Anakusikia, mama," akasema. "Mama yangu analia kidogo. Akimaliza ataongea nawe."